Mchezo Nao ni Chuo

Asubuhi moja ya mwezi uliopita nalimpeleka mjukuu wangu shule. Ni shule ya chekechea, vyumba viwili vilivyo chini ya madrasa ya mtaa, hapa hapa Tononoka, si mbali na ule ukumbi ambao wengi wetu twaujua kwa mikutano na maarusi. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha mlangoni na kurudi zangu. Sikurudi. Nalisimama kizingitini kama nusu saa, bakora mkononi, hata ustadha wa darasa, kwa adabu yake, akaniletea kigoda.

Sakafuni palikuwa na leso mbili za buluu zilizotandikwa ubavu kwa ubavu. Watoto wanne wamezishika pembe, wazitikisa, zapanda na kushuka. Hiyo ndiyo bahari. Upande mmoja wamesimama watoto kumi na kitu, mabegi ya shule vichwani, kama watu wanaohama usiku. Ustadha akainua mpini wa ufagio, akagonga sakafu, leso zikaachana, pakapatikana njia. Wakapita mbio kwa kelele, mmoja akapoteza kiatu. Walipokwisha kuvuka leso zikarudi mahali pake, zikafunika vifuu vya nazi kama ishirini vilivyopangwa nyuma yao. Vile vifuu ndio askari wa Firauni. Juu ya meza palikuwa na kisanduku cha viatu kilichozungushiwa makuti, nacho ndicho alichowekwa Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipotiwa mtoni. Nalichungulia ndani. Kitupu.

Watoto walipoketi wakihema, ustadha akawauliza nani ana swali. Mikono yote ikapanda.

Adhuhuri, tukila wali na mchuzi wa papa, mjukuu akanigeukia. "Babu, Firauni hakujua kuogelea?"

Mimi nimeandika magazetini kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimejibizana kwa mashairi na watu ambao hawakosi jawabu. Sikuwa na neno. Nikamwambia, "Muulize ustadha wako."

"Nimemuuliza," akasema. "Amesema tufikiri."

Laiti mambo yangeishia hapo nisingeisumbua kalamu. Lakini Ijumaa ya wiki ile, baada ya swala ya isha, kamati ya wazazi ilikaa juu madrasani, na ajenda ilikuwa moja: ile bahari ya leso. Mashtaka yalikuwa matatu. La kwanza, watu hulipa karo watoto wasome, na watoto wa mtaa wa pili wamekwisha fika katikati ya juzuu Amma ilhali wetu wachezea vifuu. La pili, kumwigiza Mtume wa Mwenyezi Mungu ni haramu. La tatu ndilo lililowasha moto. Kijana mmoja mwenye mtoto darasani alitoa simu yake, akatuonyesha picha za sinema za shule moja ya watoto wadogo wa Kiyahudi, wakijiandaa kwa sikukuu yao ya Pasaka. Kitambaa cha buluu kipo. Watoto wanaopita katikati yake wapo. Vyura vya plastiki vyarukaruka mezani. "Haya," akasema, "ustadha wetu amejifunza wapi?"

Ustadha, binti wa watu, hakujibu. Aliangalia mkeka.

Ndugu msomaji, mashtaka haya matatu si ya watu wajinga. Ni ya wazazi wenye uchungu na dini ya watoto wao, na mimi mwenyewe zamani nilikuwa mmoja wao, kama nitakavyoeleza. Lakini nadhani wamekosea, na nitasema kwa nini, nikianza na lile la Mayahudi, kwa kuwa ndilo ambalo watu huliogopa kulijibu.

Hiyo Pasaka ya Kiyahudi, wao huiita Pesah, si hii Pasaka ya jirani zetu Wakristo. Ni sikukuu ya kukumbuka siku Mwenyezi Mungu alipowaokoa Bani Israili na Firauni. Kwa juma zima hawali kitu kilichotiwa chachu. Hula mkate mwembamba ambao unga wake, tangu kuguswa na maji hata kuiva, haupaswi kupita dakika 18, kwa sababu wazee wao walitoka Misri kwa haraka na donge halikupata muda wa kuumuka. Usiku wa kwanza jamaa hukaa mezani, na hapo, waungwana, ndipo penye ajabu ninayotaka muitazame. Ibada ile haianzi na mzee kuhubiri. Masimulizi yake huanza na mtoto kuuliza. Mdogo kuliko wote ndiye hupewa kazi ya kuuliza kwa nini usiku ule hauko kama nyusiku nyingine, na watu wazima wote wawajibika kumjibu. Kipande cha mkate hufungwa kitambaani na kufichwa, kisha watoto hukitafuta nyumba nzima, na akionaye hupewa zawadi. Ni kibe cha mkate. Talmudi yao yasimulia kwamba Akiva, mwanachuoni wao wa zama za Warumi, alikuwa akiwagawia watoto nafaka za kukaanga na njugu usiku ule ili wasisinzie, wabaki macho, waulize. Basi ile shule ya kwenye simu, pamoja na vyura vyake, haikuzua jambo jipya. Yafanya mchana, kwa watoto wa miaka mitatu na minne, yale ambayo wazee wao wamefanya mezani usiku kwa karne nyingi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuwaona watu hawa. Uganda, karibu na Mbale, wako Waganda na Wagisu weusi kama mimi waitwao Abayudaya, ambao walifuata dini hiyo na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jua lilipokuchwa siku hiyo hiyo ulikuwa ndio mkesha wa Pesah, na mpaka leo wazee wao huisimulia sadfa hiyo. Wana shule yao ya msingi kule, na madawatini mle mwaketi watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja.

Najua mtakaloniuliza. Palestina je? Ya Palestina twayajua, na uchungu wake tunao. Lakini Nabii Musa si mali ya serikali yoyote. Jina lake limetajwa katika Qurani mara 136, kuliko Mtume mwingine yeyote. Tukimwachia mwingine kisa chake kwa sababu ya hasira zetu, aliyepoteza ni sisi.

Na tuje kwenye jambo ambalo kila aliyepita chuoni alilisikia, ingawa si wote waliolitia akilini. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga siku ya Ashura. Akauliza, akaambiwa ni siku ambayo Mungu alimwokoa Musa na kumgharikisha Firauni. Hakusema hiyo ni mila yao, tuiepuke. Alisema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga, na akaamrisha watu wafunge. Naam, tarehe ya Ashura na tarehe ya Pesah si moja, wala hukumu zake si moja, na kufunga Ramadhani kulipofaradhishwa, Ashura ilibaki sunna. Lakini kisa ni kile kile cha bahari. (Ndugu zetu Mashia wana huzuni yao siku hiyo, ya Karbala mwaka 61 Hijria, na katika mji huu wa majirani wa kila madhehebu ni adabu kulikumbuka hilo kabla ya kupiga makelele.)

Sasa sikilizeni. Watu wa Madina walipoamrishwa kufunga Ashura, walifungisha na watoto wao wadogo. Mtoto ni mtoto, saa za alasiri njaa humliza. Walifanyaje? Aliyetupa habari ni Bibi Rubayyi binti Muawwidh, mwanamke wa Kianswari, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, haina wa kuitilia shaka. Asema kwamba walikuwa wakiwatengenezea watoto vichezeo vya sufu. Mtoto akililia chakula, hupewa kichezeo, mpaka wakati wa kufuturu. Na katika riwaya ya Muslim wametajwa kwenda msikitini na watoto hao na vichezeo hivyo.

Nalipoyasema haya kikaoni, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta aliinuka kitako. Kwa maana tazameni kilichopo hapa. Siku ni ya Musa na Firauni. Watoto ni wadogo mno hata kufunga ni kujaribu tu. Mahali ni Madina, na Mtume yu hai baina yao. Na mkononi mwa mtoto mna kichezeo, kimeshonwa na mamake kwa makusudi ya ibada. Kijana wetu mwenye simu auliza ustadha amejifunza wapi. Na tumwambie alijifunza kwa Bibi Rubayyi. Ikiwa Mayahudi nao wamcheza Musa na watoto wao, basi tumekutana njiani, kama tulivyokutana nao siku ile ya kwanza Madina.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa sababu una kicheko ndani yake. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake. Katika Sunan Abu Daud yasimuliwa kwamba Mtume aliona miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza ni kitu gani hiki juu ya farasi. Mbawa, akajibu. Farasi ana mbawa? Naye Aisha akamuuliza kama hakusikia ya kuwa Nabii Sulaimani alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Wanavyuoni wamezozana sana juu ya wanasesere, nami si mufti, sitaingia humo. Nataka mtazame jambo jingine tu: kwamba kisa cha Sulaimani kilikuwa kimekaa ndani ya kichezeo. Alichokisikia alikishona. Na alipoulizwa, alijibu kwa swali.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotetea mchezo kwa hoja ya kwamba ni sukari ya kumezeshea dawa. Mtoto wa miaka minne hachezi ili apumzike na kujifunza, wala hachezi ili adanganywe ajifunze. Kucheza ndiko kuuliza kwake. Hana maneno, ana mikono. Akivuka leso huku ameshika begi kichwani amekwisha uliza: waliogopa? Walibeba nini? Aliyeanguka alingojewa? Swali la kuogelea alilonitupia mjukuu lilizaliwa mle, miguu yake ilipokanyaga sakafu pale palipokuwa na maji dakika moja nyuma.

Mimi sikuuliza. Miaka ya 1970 babangu alinipeleka chuoni Mji wa Kale, akamwambia mwalimu amrudishie macho tu, mengine ni yake. Mwalimu alilishika neno. Sitamtaja, amekwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na kila herufi ninayoisoma thawabu yake ina fungu lake. Alitufunza kwa senti chache na sahani ya wali. Wala si kweli kwamba chuo chetu hakikuwa na mchezo kabisa: kule kuimba herufi kwa vitone vyake, alifu kwa ujiti, sote kwa sauti moja tukipepesuka mbele na nyuma, ulikuwa wimbo hasa, na nadhani sikio langu la mizani ya shairi lilitahiriwa pale. Kuosha ubao wa wino nao ulikuwa mchezo, tukirushiana maji meusi. Lakini maana hatukupewa. Nilihifadhi Sura Twaha nikiwa na miaka tisa. Kwamba mle ndani mna dada anayemfuata mdogo wake kandokando ya mto, nilikuja kujua ukubwani, nilipoifungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyokamilika kuchapwa mwaka 1969. Miaka mingi nalikuwa nayo kifuani, na dada yule simjui. Mjukuu wangu ana miaka minne, hajahifadhi ila sura saba fupi, na yule dada amjua. Alikuwa zamu ya kumwigiza wiki iliyotangulia, akitembea kando ya leso kwa kunyata.

Bora kipi? Vyote viwili, na si lazima tuchague. Kuhifadhi ni akiba, asiyekuwa nayo atahangaika uzeeni. Ninalolikataa ni kule kumnyima mmoja ili kumpa mwingine, na tena kwa mtoto ambaye bado hajui kufunga vifungo vya shati.

Wala tusijifanye kwamba haya ni mageni kwetu Pwani. Mambo haya yalianzia hapa hapa kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwendea Aga Khan, wakamlalamikia kwamba watoto wetu hufika darasa la kwanza nyuma ya wengine, kwa kuwa chekechea za wakati ule ama zilikuwa ghali au ziliwatenga na dini yao. Wakataka shule za watoto wadogo zitakazokuwa ndani ya madrasa. Mabarazani walikuwako walioguna, kwa sababu za kimadhehebu. Mwaka 1986 ikafunguliwa ya kwanza Liwatoni, na aliyeibeba kazi hiyo mabegani alikuwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa kike wa mji huu. Yeye na wenzake hawakuagiza vichezeo Ulaya. Walichukua vifuu, makumbi, kauri za pwani, vizibo vya chupa, kokwa za maembe. Chumba kikagawanywa pembe: hapa nyumba, hapa duka, hapa vitabu, hapa ujenzi. Mtoto hupanga atakalofanya, hulifanya, kisha huketi na wenzake akasimulia alilolifanya. Kiswahili ndiyo lugha, na bismillahi hutangulia kila kitu. Mpango ukavuka Zanzibar mwaka 1990, Uganda mwaka 1993, na kwa miaka iliyofuata shule hizo zilipita 200 katika nchi tatu. Mwaka 2008 wataalamu watatu, Mwaura, Sylva na Malmberg, walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto hao na waliosoma chekechea nyingine na wasiosoma popote. Walioketi kwenye vifuu vya madrasa ndio waliopiga hatua kubwa zaidi ya akili.

Nashangaa kwamba haya tumeyasahau upesi, hata baba wa Tononoka leo akiona kifuu darasani hudhani kimeletwa na mtandao. Serikali yenyewe, katika mtaala mpya ulioanza nchi nzima mwaka 2019, imeweka miaka miwili ya kabla ya shule ya msingi, mafunzo ya dini yamo, ya Kiislamu kwa Mwislamu, na mchezo umetajwa kuwa njia. Kiboko chapigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001. Wazazi ndio wamebaki nyuma, wakitaka kazi ya nyumbani kwa mtoto wa miaka mitatu, na cheti, na mahafali ya joho.

Shtaka la pili, la kumwigiza Mtume, silibezi hata kidogo. Hapa ndipo njia yetu na ya shule ile ya kwenye simu zinapoachana. Wao huweka mwanasesere ndani ya kikapu na kusema huyu ndiye Musa. Sisi hatufanyi hivyo, wala tusifanye. Nikamtaka ustadha aeleze, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza usiku ule. "Sanduku ni tupu, baba zangu," akasema. "Hakuna mtoto anayekuwa Musa. Mimi nikigonga kwa ufagio nawaambia Nabii Musa alipiga kwa fimbo, mimi ni mwalimu wenu tu. Wao huwa ni wale watu waliovuka." Akatabasamu kidogo. "Tabu niliyoipata ni moja. Wavulana wote walitaka kuwa Firauni, kwa sababu ana askari. Ndipo nikaleta vifuu."

Watu walicheka, hata yule kijana.

Ustadha aliniomba maneno ya kuimba watoto wanapolisukuma lile sanduku juu ya leso, nikamtungia haya, mepesi, ya kitoto, yasiyotaka ufundi:

Musa yumo sandukuni,
Alilazwa na mamake,
Yuwaelea majini,
Dadake yu nyuma yake.

Sanduku, pole kwa pole,
Usimtie baridi,
Mola amtunze pale,
Kwa mama yake arudi.

Limebaki lile shtaka la kwanza, la juzuu Amma na watoto wa mtaa wa pili. Hili nitalijibu kwa aibu yangu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri, apumzike na taabu ya masomo. Akaonya kwamba kumzuia mchezo na kumlemeza kwa kusoma daima huua moyo wake, huitia akili yake kutu, na huyafanya maisha yake kuwa machungu, mpaka atafute hila ya kuyakimbia masomo yote. Kitabu hicho nalikuwa nacho kabatini miaka mwanangu wa kwanza alipokuwa mdogo. Alikuwa katika chekechea ya mchezo, akirudi na mchanga nyweleni. Nalijiona nachekwa barazani. Nikamtoa, nikamtia katika chuo cha mkazo akiwa na miaka minne na miezi, kwa kuwa mwana wa mwenzangu alikuwa amekwisha fika Yasini. Baada ya miezi michache alikuwa kila asubuhi ana macho mekundu. Tukampeleka kwa daktari. Daktari hakuona kitu. Mamake ndiye aliyegundua: chini ya mto wake palikuwa na kipande cha kitunguu maji. Alikuwa akijipaka machoni, asubuhi kabla hatujaamka, ili aambiwe mgonjwa asiende.

Nalimpiga. Hiyo ndiyo hila aliyoisema Ghazali, imetendeka chumbani mwangu, nami badala ya kuisoma nikaichapa.

Amekua, alhamdulillahi, yuko Ghuba kazini, aswali, hunitumia chochote kila mwezi. Juzuu zile alizozimaliza sijamsikia akizisoma kwa hiari yake. Mjukuu ninayemtaja hapa ni mwanawe. Alipotuachia mtoto huyu alimnunulia viatu na mabegi, akalipa karo ya mwaka, na hakuweka sharti lolote. Akipiga simu, baada ya salamu na habari za mamake, swali lake ni moja, halibadiliki. "Baba, huko chuoni wampiga?"

Kikao kile hakikumalizika. Waliotaka leso zikunjwe walikuwa wengi kidogo kuliko sisi, lakini mwenyekiti, mtu mzima mwenye busara, alikataa kuhesabu mikono usiku. Akasema bahari ikae mpaka Muharram iingie, wazazi wote waje asubuhi moja waone kwa macho yao, kisha tuamue. Yule kijana wa simu aliniuliza ngazini hadithi ya Rubayyi i mlango gani katika Bukhari. Nikamwambia, katika kitabu cha saumu.

Siku ya pili nalikwenda Biashara Street kutafuta sufu. Mwenye duka akaniuliza yataka kufuma nini, fulana au kofia. Nikamwambia sijui bado. Nyumbani mke wangu amekwisha fanya viwili, kimoja chafanana na paka, cha pili hatukubaliani ni mnyama gani. Mjukuu avichunguza kila jioni. Jana ametaka kujua vile vya Madina vilikuwa rangi gani, na watoto wa kule walipofuturu, vichezeo walivirudisha au walilala navyo.